Gari la Mbio la Themanini

Zamani mtu akikuambia gari lake limetembea kilomita elfu sabini, alikuwa ameziandika mwenyewe kwa mkono wake, asubuhi na jioni, siku hadi siku. Leo namba hiyo huandikwa na mtu ambaye hajawahi hata kukalia kiti cha gari lenyewe.

Nayasema haya nikiwa na hasira na sitaomba radhi. Nilikaa miaka ishirini na tisa nyuma ya dirisha la waya la stoo ya vipuri, katika karakana ya ofisi moja kubwa, na najua kilomita ni kitu gani. Shule niliiachia darasa la nne. Kusoma kwa maana ya kusoma nilijifunza humo humo stoo, kwenye vitabu vya matengenezo vilivyoshikwa na mikono ya grisi hadi kurasa zikawa zinapitisha mwanga, kamusi upande huu, kikombe cha chai upande ule. Mafundi walinitania wakaniita Profesa. Lakini walipokwama, dirishani kwa Profesa ndiko walikokuja kuuliza.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja iliyozishinda zote: namba kwanza, spana baadaye. Dereva akileta gari, hakuanza kueleza linalia wapi. Alifungua daftari la safari akasoma kilomita. Mimi nikafungua kitabu nikasema ni zamu ya nini, oili, breki au mkanda. Ndipo fundi akanyanyua boneti. Dereva mmoja aliwahi kuficha kilomita arobaini alizokwenda kumwona hawara. Ofisi ilimfukuza na hakuna aliyemwonea huruma. Hawara ni mambo yake na mkewe, tulisema, lakini kilomita ni za wote.

Mtu ninayetaka kumwandika hapa alikuwa dereva katika ofisi hiyo kwa miaka thelathini na moja. Tulimwita Themanini, kwa sababu hakuwahi kuvuka kilomita themanini kwa saa, hata barabara ikiwa tupu na bosi akiwa amechelewa ndege. Alikuwa mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ingeweza kukukata. Kila jioni aliandika kilomita zake kwa kalamu ya wino, na chini ya namba akapiga mstari kwa rula. Nitajieni leo dereva mmoja mwenye rula.

Mabosi walilala nyuma yake kama watoto wachanga. "Ukisikia bosi anakoroma," aliniambia siku moja, "hiyo ndiyo barua yangu ya sifa. Nyingine sijawahi kupewa."

Lakini kulikuwa na neno lililomkwama kooni. Siku alipokwenda kuposa, mama wa binti alimwuliza gari alilokuja nalo ni la nani. Akajibu la ofisi. Yule mama akamtazama juu mpaka chini. "Kuendesha gari la mtu," akasema mbele ya wageni wote, "ni kama kubeba mtoto wa jirani. Utambembeleza mchana kutwa, jioni analala kwao." Watu wakacheka. Binti alitolewa, ndoa ikafungwa, watoto wakazaliwa, wakakua, wakaenda zao; kicheko kile hakikuondoka. Themanini aliapa hatakanyaga tena kwa mama mkwe wake mpaka afike na gari lake mwenyewe. Kila mwaka mkewe alipanda basi kwenda kumsalimu mama yake, safari ya siku nzima, na kila mwaka mume alisingizia kazi. Mama naye alikuwa na salamu yake moja: "Na yule mlezi wa watoto wa jirani, hajambo?"

Alipostaafu, yule mama alikuwa anakaribia miaka tisini. Macho yalikuwa yamefifia, ulimi ulikuwa mzima.

"Profesa," Themanini akaniambia, tumekaa barazani kwake, "nataka afe akijua nina gari."

"Kwa hiyo unataka afe?"

"Sijasema hivyo. Nataka alione kwanza. Yanayofuata si kazi ya dereva."

Nilidhani atanunua kigari cha kistaarabu, cha mzee aliyestaafu, chenye nafasi ya mizigo na tabia njema. Siku aliponipeleka kulitazama alilolichagua, nilisimama ghafla kwenye kokoto. Lilikuwa gari la mbio la milango minne, rangi ya fedha iliyokolea, tumbo karibu liguse ardhi, turbo ndani na mabomba manne ya moshi nyuma. Umri wake miaka kumi na moja. Watoto wa matajiri ndio waendeshao vitu vile, mpaka vinapochoka, halafu wanawaachia maskini wavizike.

"Wewe?" nikamwuliza. "Wewe wa themanini?"

"Miaka thelathini na moja nimekwenda themanini kwa sababu kiti cha nyuma kilikuwa na mtu," akasema. "Sasa hakina."

Yadi yenyewe ya kuuzia magari ilikuwa uwanja uliozungushiwa vibendera, na ofisi ilikuwa kontena lenye kiyoyozi. Muuzaji alikuwa na viatu vilivyochongoka na kidude sikioni. Alizungumza na sisi na mtu mwingine kwa wakati mmoja, hata usijue ni nani anayeitwa bosi. Boneti hakuinyanyua mpaka tulipomwomba, na alipoinyanyua hakuna cha kuona. Siku hizi injini hufunikwa kwa plastiki nyeusi kama maiti.

"Hii ilikuwa ya mama mmoja, mwalimu wa chuo," akasema. "Kazini, nyumbani. Kazini, nyumbani. Imetembea elfu sabini na nane tu, wazee wangu."

"Mwalimu anafanya nini na mabomba manne ya moshi?"

"Mzee, kila mtu na starehe yake."

Tulizunguka mtaa mmoja, Themanini kwenye usukani, muuzaji kando yake, mimi nyuma.

"Mzee, unaendesha kama umebeba mayai."

"Nimekubeba wewe."

Kitabu cha matengenezo kilikuwa ndani ya kisanduku cha dashibodi, kizuri kama kipya, isipokuwa kurasa za mihuri ya karakana hazikuwapo. Muuzaji alisema watoto wa yule mama walikichezea. Na sisi wazee wawili tukaitikia kwa vichwa, kana kwamba watoto wakichezea kitabu hukata kurasa kwa wembe, zimenyooka hivyo.

Halafu Themanini akafanya alichokuwa akifanya maisha yake yote. Alitoa daftari mfukoni, akainama, akasoma mita ya dashibodi, akaandika: 78,412. Akapiga mstari kwa rula. Mpaka hapo ilikuwa namba ya dalali. Baada ya ule mstari ikawa namba ya Themanini, na namba ya Themanini sikuwahi kuitilia shaka tangu nimjue.

Siku aliyolileta nyumbani, mkewe alitoka na kitambaa cha kupangusia vyombo mkononi. Mume akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akasimama wima kando yake, kidevu juu. Miaka thelathini na moja si mchezo.

Mkewe akamwangalia. "Mimi si bosi wako," akasema. "Ni mkeo." Akaufunga ule mlango mwenyewe, akaenda mbele, akakaa, akagusa dashibodi kwa ncha za vidole kama anayepima joto la mtoto. "Shemeji," akaniambia kupitia dirishani, "kaka yako amerukwa na akili. Lakini kiti ni kizuri."

Walipanga kuondoka baada ya wiki tatu. Kazi ya kupanga matengenezo makubwa ilikuwa yangu, na niliitaka kuliko nilivyoonyesha. Tangu nistaafu hakuna aliyekuja dirishani kuniuliza kitu. Dirisha lenyewe halipo. Karakana yetu imefanywa mahali ambapo watu hulipa ili wanyanyue vyuma. Sisi tulilipwa kuvinyanyua.

Nikachukua kile kitabu, nikakaa nacho jioni tatu mezani kwangu. Nilinunua karatasi ya miraba, nikaigawa safu nne. Safu ya kwanza, ya kufanywa sasa hivi: oili ya injini na filta yake, plagi, maji ya rejeta, oili ya breki, oili ya giaboksi. Safu ya pili, kilomita elfu themanini na tano: pedi za breki na diski za mbele, bushi za mikono ya chini. Elfu tisini: shokapu. Na safu ya mwisho, laki moja: mkanda wa taimingi na pampu ya maji pamoja, kwa kuwa mwenye akili hafungui sehemu ile mara mbili. Mkanda huo, kwa asiyejua, ni ukanda wa mpira wenye meno unaofunganisha mwendo wa juu wa injini na wa chini, ili valvu zikishuka pistoni ziwe zimekwisha kuondoka. Katika injini ya namna ile, ukikatika, vyuma hukutana. Laki moja niliiandika kwa wino mwekundu. Themanini aliibandika ile karatasi ukutani sebuleni, karibu na kalenda, na kila mgeni aliyekuja alionyeshwa.

"Huyu angesoma," alikuwa akiwaambia, "angekuwa anatengeneza ndege."

Tulilipeleka gari kwenye gereji ya binti mmoja aliyekuwa na sifa ya magari ya turbo. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, bwelasuti safi mno kwa maoni yangu, kompyuta kwenye toroli mahali ambapo mtu angeweka spana. Alituamkia vizuri, shikamoo kwa kila mmoja, halafu akakaa kwenye kiti cha dereva. Akapitisha kidole kwenye usukani. Akainama akatazama pedali.

"Babu, hii imetembea ngapi mlisema?"

"Elfu sabini na nane," akasema Themanini, "mia nne kumi na mbili wakati wa kununua. Nimeandika."

"Usukani umekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Mpira wa breki umelika upande mmoja mpaka chuma kinachungulia. Elfu sabini na nane haili pedali hivi, babu."

"Labda mwalimu alikuwa na mguu mzito," nikasema.

"Mwalimu gani?"

Nikampa karatasi yangu, nakala niliyoiandika upya kwa ajili yake. Aliisoma yote, na nakiri aliisoma kwa adabu.

"Kazi nzuri, babu. Lakini mkanda ningeutoa leo, kabla ya safari. Na mkiniachia gari siku moja zaidi, nitasoma kompyuta ya giaboksi. Wanaorudisha mita nyuma hucheza na dashibodi, lakini giaboksi nayo hutunza kilomita, na huko ndani wengi huwa wanasahau."

Themanini akanyooka. Sijui kama niliwahi kumwona amekasirika kabla ya hapo. "Binti, unasema namba yangu ni ya uongo?"

"Sisemi wewe, babu. Nasema mita."

"Mita nimeisoma mimi."

Nami nikaingilia, kwa sababu nilikuwa rafiki yake, na kwa sababu ilikuwa karatasi yangu. "Mkanda ni laki moja. Kitabu kimesema."

"Kimesema hivyo tu? Hakikuongeza neno?"

"Kimesema fundi afanye alichoagizwa."

Alicheka kidogo, si kwa dharau, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Haya, babu zangu. Gari lenu." Akafanya kila kilichokuwa kwenye safu ya kwanza, na alikifanya vizuri. Njiani kurudi nyumbani tulimsema hadi akaisha. Kwamba siku hizi fundi hawezi kufungua nati bila kuuliza kompyuta ruhusa. Kwamba wanatisha wateja ili wauze vipuri. Kwamba zamani fundi aliyebishana na daftari la dereva angekula jeuri yake. Nilisema mengi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa miaka.

Waliondoka Jumamosi, jua linachomoza. Yaliyotokea nilielezwa na mkewe. Themanini mwenyewe hakuwahi kuyasimulia. Walikwenda vizuri kilomita mia mbili na zaidi, kwa mwendo wake ule ule, hadi lori likawapita na dereva wake akapunga mkono. Kisha wakafika kwenye mlima mrefu, mbele yao kuna trela linapanda kwa kujikokota, barabara pana na tupu. Mkewe akamwambia, "Baba, ni leo au ni lini?" Akakanyaga. Mkewe alisema kiti kilimsukuma mgongoni kama mtu anayemharakisha, mshale ukapita themanini, ukapita mia, yeye akawa anacheka, na alipomtazama mumewe aliona meno yake yote, hata yale ya nyuma ambayo katika ndoa yao hakuwahi kuyaona.

Walimaliza kulipita trela. Ndipo uliposikika mlio mmoja, kama mtu kapiga kofi mara moja, na injini ikanyamaza. Taa nyekundu zote zikawaka. Usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Akaliongoza hadi pembeni kwa mikono miwili, akavuta breki ya mkono, akatoa daftari, akaandika kilomita na saa. Akapiga mstari.

Walikaa kando ya barabara saa tano wakisubiri gari la kukokota. Trela lile lile liliwapita pole pole, likapiga honi.

Jumatatu tulikuwa gerejini. Yule binti alikuwa amefungua vifuniko vyote na kuutandaza mkanda juu ya kitambaa. Meno kumi na mawili yalikuwa hayapo. Mgongoni ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Valvu zilipinda zote, pistoni mbili zilitoboka. Hedi, kile kichwa cha injini, haikufaa tena. Injini nzima ilipaswa kuagizwa, na kungojewa majuma kadhaa. Alikuwa pia amesoma giaboksi. Akatugeuzia kompyuta tusome wenyewe, nadhani kwa huruma: kilomita laki mbili na elfu kumi na tatu.

Themanini aliinama akaisoma ile namba. Halafu akasema, "Mwizi," kwa sauti ya chini, akatoka nje akasimama juani.

Tulikwenda yadi siku ile ile. Muuzaji alikumbuka majina yetu yote. Alitoa karatasi yenye sahihi ya Themanini chini ya maneno "kama lilivyo", akatuletea maji ya chupa. Nilimwambia yaliyokuwa moyoni mwangu, na moyoni mwangu siku ile palikuwa na matusi ya miaka mingi. Alisikiliza huku kidude chake kikimnong'oneza, akasema, "Naelewa hasira yako, mzee." Haelewi. Watu hawa wamefundishwa kusema wanaelewa hasira yako kama zamani watu walivyofundishwa kuona haya.

Kama mambo yangeishia hapo, hasira yangu ingekuwa safi, ningeifurahia mpaka kaburini. Lakini siku ya pili nilirudi gerejini peke yangu kuchukua kile kitabu. Yule binti alikuwa amekifungua juu ya toroli.

"Babu," akasema, "naomba usome hapa. Simwambii mtu."

Nikavaa miwani. Palikuwa ni pale pale niliposoma jioni tatu mfululizo. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji: badilisha kila kilomita laki moja au kila miaka saba, lolote litakalotangulia.

Gari lilikuwa na miaka kumi na moja. Hata kama mita ingekuwa kweli, hata kama yule mwalimu na watoto wake wachana kurasa wangekuwa watu halisi, mkanda ule ulikuwa umepitwa na wakati wake kwa miaka minne siku tuliyolinunua. Ilikuwa imeandikwa. Na mimi ndiye msomaji.

Nitaeleza, si kwa kujitetea. Katika karakana yetu gari lilimaliza laki moja kwa miaka miwili, mitatu likizembea. Hakuna mkanda uliowahi kuzeeka kwa miaka. Yote ilizeeka kwa kilomita. Ule nusu mstari ulikuwamo katika kila kitabu nilichowahi kukishika, na kwa miaka ishirini na tisa haukuwa na kazi, hadi jicho langu likajifunza kuuruka kama mguu unavyoiruka ngazi mbovu ya nyumbani. Nilimtukana msichana kwa kutoheshimu kitabu, na kitabu ni mimi niliyekisoma nusu.

"Ungetuambia," nikamwambia.

"Nilikuuliza kama kimeongeza neno."

Nilimchukia, na bado namchukia kidogo, kwa ile sauti ya upole. Laiti angenicheka.

Nilipitia kwa Themanini siku hiyo nikiwa nimeazimia kumwambia. Nilikuta maneno mengine. Kaka wa mkewe alikuwa amepiga simu: mama hali chakula, anauliza binti yake yuko wapi. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya sebule, begi liko wazi kochini.

"Injini itafika," Themanini alikuwa akisema. "Majuma matano, sita."

"Mama hana majuma sita."

"Niliapa."

"Uliapa wewe. Mimi niliapa lini?" Alikuwa akikunja nguo, na kila nguo aliikunja mara mbili. "Miaka yote hii nimesafiri peke yangu kwa sababu ya kicheko cha siku moja. Mama hajasema anataka kuona gari, baba watoto. Macho yenyewe hayaoni. Amesema anataka kuniona mimi."

"Atauliza nimekuja na nini."

"Atauliza. Na wewe utamjibu, kama mwanamume anayejibu mama mkwe wake." Akanigeukia. "Shemeji, mwambie."

Nikamwambia kwenda kwa basi ndiyo busara. Ndilo jambo pekee nililolisema jioni ile. Ile karatasi ya miraba ilikuwa ukutani nyuma ya kichwa chake, wino mwekundu unanitazama.

Walikwenda kwa basi, na tokea hapo hawajarudi. Mama aliishi miezi minane zaidi, wakamuuguza; alipozikwa, nyumba ilihitaji mtu, wakabaki. Gari liko nyuma ya gereji hadi leo, boneti wazi, ndani hamna kitu. Ile injini haikuja, au ilikuja na hakuna aliyeichukua. Nasikia mama mkwe alimwuliza Themanini amefika na nini, na akajibu kwa basi. Alichosema yule mama baada ya hapo sijaelezwa, na sina wa kumwuliza.

Mara ya mwisho nilipowaona ilikuwa stendi, asubuhi ya Alhamisi. Nililala na maneno yangu, nikaamka nayo, nikayabeba hadi pale. Mkewe alikuwa amekwisha kupanda. Themanini alikuwa mlangoni mwa basi, shati limepigwa pasi, mkoba mdogo mkononi, amesimama kando kama mtu anayesubiri abiria wake.

"Ndugu yangu," nikaanza, "ule mkanda..."

Akaniwekea mkono begani. "Mpango wako ulikuwa sawa, Profesa. Usijisumbue. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Mita ndiyo iliyotudanganya."

Nilifungua kinywa. Utingo akapiga bodi ya basi kwa kiganja, akasema wazee wapande au washuke. Themanini akapanda.

Walikaa kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva, mkewe dirishani. Alinipungia mkono kwa ile namna ya watu waliochoka, kiganja tu. Dereva alikuwa kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, simu imechomekwa mbele yake inaonyesha mpira. Alilitoa basi stendi bila kutazama kioo, akalikatiza mbele ya teksi. Nikamwona Themanini, amekaa wima, mkoba mapajani, macho barabarani, na mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu tupu ya basi, kwa nguvu zake zote.